Kuunga Mabomba ya Maji Nyumbani Bila Lehemu

Siku hizi nyumba nyingi katika kaunti za Migori na Homa Bay zina maji ya bomba, ama kutoka kwa kampuni ya maji ya mji, ama kutoka tangi la maji ya mvua lililo uani. Mwenye nyumba huchagua mwenyewe mabati, saruji na rangi, lakini viungo vya mabomba humwachia fundi. Hilo si jambo jema, kwani bomba aghalabu halivuji katikati yake. Huvuja pale vipande viwili vinapokutana.

Hasara ya maji huonekana upesi. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na hayo yaweza kujaza ndoo ya lita 20. Lakini iko hatari nyingine isiyoonekana. Mahali ambapo maji hutolewa kwa zamu, bomba hubaki tupu kwa saa nyingi, na kiungo kilichokuwa kikivujisha maji nje sasa huvuta ndani maji machafu ya udongoni. Kama choo au mtaro u karibu, uchafu huo huingia katika mtungi wa kunywa. Watu wa Migori na Homa Bay, ambao walipatwa na kipindupindu mwaka 2015, hawana haja ya kuelezwa maana yake.

Katika nchi za Ulaya na Marekani mabomba ya shaba yaliungwa kwa lehemu, yaani bati na risasi zilizoyeyushwa kwa moto. Risasi hiyo huingia katika maji kidogo kidogo na hudhuru ubongo wa watoto; kwa sababu hiyo Marekani iliikataza katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Iko lehemu isiyo na risasi, lakini nayo yataka moto mkali na mkono uliozoea. Katika nyumba za kawaida za sehemu hizi bomba la shaba ni nadra, ingawa shaba yenyewe ilichimbwa hapo hapo Macalder hadi miaka ya 1960. Mabomba yanayouzwa madukani huungwa kwa njia nyingine.

Bomba la chuma lililopakwa zinki huungwa kwa hesi, yaani mikato ya mzunguko kama ya parafujo. Utepe mweupe wa kuziba hapana budi uzungushwe kwa kufuata upande ambao kiungo hukazwa. Ukizungushwa kinyume hufumuka. Chuma ni imara mahali pa wazi, lakini hushikwa na kutu.

Bomba la PVC huungwa kwa gundi yake maalumu, nayo ni njia rahisi ambayo huharibiwa na haraka. Yapasa ncha ikatwe sawasawa, ikwanguliwe na kupanguswa, kisha gundi ipakwe pande zote mbili, na bomba lisukumwe ndani huku likizungushwa kidogo. Jua la kando ya ziwa hukausha gundi kabla ya kazi kwisha, hivyo ni afadhali kufanya kazi kivulini na kufunika mkebe kila mara. Maji yasifunguliwe hadi kesho yake. Tena bomba hili halifai kwa maji ya moto, kwani hulegea.

Kwa maji ya moto yafaa bomba lenye alama PPR. Mashine ya umeme huyeyusha ncha ya bomba na tundu la kiungo kwa joto la digrii 260. Kwa bomba la milimita 20 sekunde tano hivi zatosha. Kisha huingizwa moja kwa moja bila kuzungushwa, na vipande viwili huwa kitu kimoja. Ndiyo njia bora ya bomba litakalofichwa ukutani. Shida yake ni kwamba kiungo hakifunguliki tena. Fundi akikosea hukata na kuanza upya. Wala boma lililo mbali na nguzo za umeme haliwezi kuitumia bila jenereta.

Kwa boma kama hilo, na kwa mtaro wa kutoka mita hadi nyumbani, bomba jeusi linalouzwa kwa mizingo ndilo la kuchaguliwa. Huungwa kwa kiungo cha kubana chenye nati, pete yenye meno na mpira. Halihitaji moto wala gundi, na laweza kufunguliwa na kufungwa tena. Katika udongo mweusi kama wa Bonde la Lambwe, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, bomba gumu huvunjika viungo, lakini hili hupinda na udongo. Mzingo mmoja mrefu huondoa viungo vingi, na hiyo labda ndiyo faida yake kubwa. Ncha yake ilainishwe kwa kisu ili isikate mpira.

Njia yoyote itumikayo, mtaro usifukiwe wala ukuta usipakwe plasta siku ile ile. Mifereji yote ifungwe, mabomba yajazwe maji, yaachwe usiku kucha, na asubuhi kila kiungo kipanguswe kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, fundi aitwe kabla hajalipwa.