GARI LINALOZIMIKA LIKIPATA MOTO
Namna ya kutafuta chanzo kabla ya kununua vipuri

Chama cha msingi chenye gari la zamani la petroli huenda kimekwisha kuonja taabu hii. Gari huondoka asubuhi na shehena ya wanachama, likaenda vizuri kwa muda wa saa nzima. Kisha, likiwa mlimani wakati wa jua kali, hukatakata na kuzimika. Dereva hulisogeza kando na kungoja nusu saa. Likiisha kupoa huwaka kana kwamba halikuwa na kasoro yoyote.

Siku ya pili gari hupelekwa kwa fundi, naye haoni ubaya. Ndipo kubahatisha kunapoanza: leo kabureta mpya, kesho pampu, kesho kutwa koili. Fedha zinazotumika ni za wanachama wote, na mara nyingi dereva huanza kutiliwa shaka kwamba anayatunga matatizo hayo.

Yafaa ieleweke kwamba ugonjwa wa aina hii hujificha. Joto likiondoka, ushahidi nao huondoka. Kwa sababu hiyo, anayeweza kuutambua vema zaidi ni dereva mwenyewe, palepale barabarani, katika dakika chache za kwanza baada ya gari kuzimika.

Vyanzo vikuu viwili

Injini ya petroli yenye kabureta na platini huhitaji petroli, hewa na cheche ya umeme. Joto huweza kuiharibia petroli na cheche kwa njia zilizo mbali kabisa.

Kwanza, petroli. Petroli ni mchanganyiko wa mafuta ya namna nyingi, na yaliyo mepesi huanza kugeuka mvuke penye joto la nyuzi 40 hivi za Sentigredi. Chini ya boneti joto hupita kiasi hicho kwa urahisi. Pampu imeundwa isukume kitu kioevu. Ikikuta mvuke hushindwa, na kabureta hukauka. Hatari ni kubwa zaidi katika bomba linalotoka tangini hadi kwenye pampu ya injini, kwa kuwa humo petroli huvutwa, na kitu kinachovutwa huchemka upesi zaidi. Kupanda mlima huongeza taabu: injini hufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, upepo wa kuipoza hupungua, na kadiri gari linavyopanda kanieneo ya hewa nayo hupungua. Njia ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, inayopanda takriban mita 1,000 katika mwendo wa kilometa 33 hivi, ni mfano mzuri wa mahali ambapo udhaifu wa namna hii hujitokeza.

Pili, cheche. Koili huzidisha umeme wa betri wa volti 12 hata ukawa maelfu ya volti. Ndani yake mna nyaya nyembamba zilizotengwa kwa vihami. Koili iliyochakaa ikipata moto, umeme huvuja ndani kwa ndani na cheche hufifia au kutoweka. Ikipoa, cheche hurudi. Kondensa iliyo kwenye distribyuta huweza kuwa na tabia hiyo hiyo.

Utaratibu wa kupima

Dereva apewe plagi moja nzima ya akiba, koleo lenye mpini wa mpira, kitambaa na chupa ya maji. Gari likizimika, afuate hatua hizi:

1. Aegeshe mahali salama, atie breki ya mkono na kuweka gia huru. Atazame kipimo cha joto. Ikiwa mshale umefika penye alama ya hatari, tatizo ni la upoozaji: mkanda wa feni, rejeta au maji. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla injini haijapoa.

2. Afungue kifuniko cha tangi, mbali na moto wowote. Sauti ya hewa ikivutwa ndani kwa nguvu huonyesha kwamba tundu la kupumulia limeziba. Kasoro hii hufanana na ya joto, lakini haitokani na joto. Kisha akifunge.

3. Apime cheche. Achomoe waya wa plagi moja, auchomeke kwenye plagi ya akiba, na aishike plagi hiyo kwa koleo huku chuma chake kikigusa injini, mbali na kabureta. Msaidizi apige stata. Cheche ya buluu yenye nguvu maana yake umeme ni mzima. Cheche ya manjano iliyo dhaifu, au kukosekana kwa cheche, huelekeza kwenye koili, kondensa au platini.

4. Ikiwa cheche ni nzuri, azime swichi, aondoe chujio la hewa na kuvuta waya wa mafuta kwa mkono huku akitazama ndani ya kabureta. Petroli isiporuka, kabureta haina mafuta. Hapo aweke kitambaa kilicholowa juu ya pampu na bomba la petroli. Injini ikiwaka baada ya dakika chache, chanzo ni mvuke. Maji yasimwagwe juu ya injini wala bomba la moshi, kwani chuma chenye moto huweza kupasuka.

Ni muhimu kupoza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Akipoza vyote pamoja, gari litawaka, lakini hakuna atakayejua lilizimwa na nini.

Matengenezo

Kwa mvuke, mara nyingi hakuna haja ya pampu mpya. Bomba la petroli lisogezwe mbali na bomba la moshi, na kikinga joto na gasketi nene ya chini ya kabureta virudishwe kama viliondolewa na fundi aliyetangulia.

Kwa umeme, koili mpya ilingane na gari. Zipo koili zinazohitaji kizuizi cha umeme kwenye waya wake. Zikiunganishwa moja kwa moja na volti 12 hupata moto kupita kiasi na kuharibika. Nafasi ya platini nayo ipimwe: kwa Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ni milimita 0.35 hadi 0.40.

Wajibu wa katibu

Katika daftari la safari iwekwe nafasi ya kuandika saa gari lilipozimika, umbali lililokwenda, hali ya cheche na ya petroli, na muda lililochukua kuwaka tena. Fundi apewe maandishi hayo, na halmashauri isiidhinishe ununuzi wa kipuri kabla ya kuyaona. Daftari hilo litamwongoza fundi, litamwondolea dereva lawama zisizo zake, na litalinda fedha ambazo wanachama wamezitolea jasho.