Roboti Haijui Nia Yako, Inakisia Tu

Konda akigonga bodi ya matatu, dereva anajua kama asimame au aondoke. Anayevuka barabara naye humtazama dereva kwanza kabla ya kukanyaga lami. Kila siku tunasomana nia kwa macho, mikono na mwendo. Je, roboti inaweza?

Roboti haisomi mawazo. Kamera na vitambuzi vyake hupima mtu yuko wapi, anaelekea wapi na kwa kasi gani. Kisha programu hukisia atakuwa wapi sekunde chache zijazo. Makisio hayo hutegemea yale ambayo waundaji wake waliyafikiria mapema.

Wasipoyafikiria, maisha hupotea. Usiku wa Machi 18, 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, Marekani, gari la majaribio lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali waligundua kuwa gari lilimtambua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Lakini mara lilidhani ni gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila lilipobadilisha dhana halikuzingatia tena mwendo wake wa awali. Programu haikuandaliwa kutarajia mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Mwangalizi aliyekuwa ndani ya gari naye hakuwa akitazama barabara.

Binadamu pia anahitaji kuelewa nia ya roboti. Baxter, roboti ya viwandani iliyozinduliwa Marekani mwaka 2012, ilikuwa na skrini yenye macho yaliyotazama upande ambao mkono wake ungeelekea, kabla haujasogea. Aliyefanya kazi kando yake alipata nafasi ya kujihadhari.

Kwa wanaofanya kazi karibu na mashine zinazojiendesha, zingatia haya:

• Usidhani mashine imekuona kwa sababu tu imesimama. Huenda inasubiri hatua inayofuata.
• Jua maana ya taa na milio yake, na mahali pa kuizimia.
• Usivuke uzio wala mstari wa usalama mashine ikiwa imewashwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe maelezo na mafunzo ya usalama. Nawe ukiona hatari, unatakiwa kumjulisha msimamizi wako mara moja.