Msalaba wa mashine ya mchezo: uujaribu mbele ya kulipa

Baba anarudi Kamina kutoka Kolwezi ao Malemba-Nkulu. Ameweka makuta pembeni, kiloko kiloko, na ku soko anaona mashine ndogo ya michezo, ile ya kushika mkononi. Ekrani inawaka, rangi ni nzuri, muuzaji anaapa kuna michezo elfu moja ndani. Baba analipa. Majuma mawili nyuma yake mashine iko chini ya kitanda. Batri ni nzima, ekrani ni nzima, lakini mtoto hataki tena. «Mie nafinya kuume, yee anainama,» njo jibu lake.

Mara nyingi mtoto hasemi uongo. Ugonjwa uko mu kitu ambacho sisi wakubwa hatuangalii wakati wa kununua: ule msalaba wa upande wa kushoto wenye mikono mine, ya juu, chini, kushoto na kuume. Tunauliza ekrani ina ukubwa gani, batri inashika saa ngapi. Msalaba tunauona kama butoni tu. Kwa michezo ya magari ao ya mpira si neno, kijiti kinatosha. Lakini kwa michezo ya kuruka, ile ambamo mtu mdogo anakimbia, anavuka mashimo na kupanda ngazi, msalaba mbaya unaharibu kila kitu.

Msalaba huo una baba yake. Gunpei Yokoi, fundi wa Nintendo mu Japani, aliuweka mwaka 1982 ku mashine ya mfukoni ya Donkey Kong, ya ukoo wa Game & Watch. Alitaka kitu bapa, juu ya kijiti kirefu hakiingii mu mfuko. Mwaka uliofuata msalaba ukaingia ku Famicom, mwaka 1985 Super Mario Bros. ikatoka, na mwaka 1989 Game Boy. Nintendo ilipata hati ya uvumbuzi Marekani mwaka 1987, basi wengine walitafuta njia zao: Sega ikatumia kisahani cha mviringo, Sony ikaonyesha mikono mine iliyoachana. Hata Nintendo wenyewe, ku Switch ya mwaka 2017, waliweka butoni nne mbalimbali. Msalaba wa kweli ulirudi ku Switch Lite, mwaka 2019.

Ukiufungua, unakuta kazi rahisi kabisa. Plastiki inakaa juu ya mpira laini wenye vifuko vinne. Ndani ya kila kifuko kuna kidonge cheusi cha kaboni. Ukifinya, kidonge kinagusa njia za shaba za ubao, umeme unapita, mashine inaelewa: kushoto. Katikati kuna kinundu, njo kinachoufanya msalaba uwe kama bembea: mkono mmoja ukishuka, mwenzake anapanda. Kinundu kikiwa kifupi, ao mpira ukiwa laini kupita kiasi, msalaba wote unazama. Kidole kinafinya kuume, na mkono wa chini unagusa pia. Mashine inasikia maneno mawili kwa mara moja. Katika michezo mingi ya kuruka, chini ni kuinama. Kwa hiyo mtu wako anainama fasi ile ile alipaswa kuruka, na anakufa. Mtoto anafikiri ni yeye hajui.

Wazazi, mbele ya kutoa makuta muombe muuzaji awashe mchezo wa kuruka, si wa magari. Ushike kuume, usiachie, halafu utingishe kidole gumba kiloko juu na chini, namna kidole kinavyochoka kwa kawaida. Mtu akiinama ao akitazama juu, uirudishe. Kisha upeleke kushoto-kuume, kushoto-kuume, mbio. Asikawie na asisimame. Mwisho ufinye katikati kwa nguvu. Msalaba mzuri unakataa kushuka, mbaya unaingia wote kama tope. Dakika tano zinatosha, na bei kubwa si ushahidi: kuna mashine za bei ndogo zenye msalaba safi.

Uangalie pia fasi yake. Ku mashine mingi za leo kijiti kiko juu na msalaba chini, kidole kinapinda na mkono unauma nyuma ya nusu saa. Kwa mchezaji wa michezo ya kuruka, msalaba ukae juu, kama ku PSP ya Sony. Kuna misalaba yenye visahani vya chuma vinavyolia «ka, ka». Inajibu vizuri, lakini inachosha. Kwa bana wadogo sisi tunachagua mpira.

Tuseme na hili, kwani wasomaji wetu ni watu wa mgodi. Ndani ya mashine ile kuna kazi yenu: kobalti mu batri nyingi, shaba ya ubao, bati la kuunganishia linalotoka mu kasiteriti, na tantali ya koltani. Wazee wanakumbuka mwaka 2000 bei ya koltani ilivyopanda, mwaka ule ule PlayStation 2 ilipotoka, na ilivyoanguka mwaka 2001. Madini ya taabu yote ile yanafanya kazi yao bila kosa, na mashine inatupwa sababu ya kipande cha mpira cha bei ya bure. Hiyo inatuuma.

Ndiyo maana usitupe haraka. Fundi wa telefone anaweza kuifungua. Kwanza asafishe ubao na vidonge vya kaboni kwa alikoli kali na pamba, juu ya vumbi na jasho la vidole vinaziba. Mkono ukigusa bila kuitwa, aweke kipande chembamba cha skochi ku ubao, kifunike ukingo wa mguso na kuacha katikati wazi. Hapo inabidi ufinye kweli ndipo umeme upite. Mpira ukiwa umepasuka, autafute ku mashine iliyokufa ya namna ile ile. Na vise aziweke mu sahani. Ni ndogo kama mbegu za lengalenga, na zikianguka ku mchanga hutaziona tena.