Kuupanga Muziki wa Utulivu na Kuunasa

Tango ni muziki uliozaliwa Amerika ya Kusini, katika miji ya Buenos Aires na Montevideo, mwishoni mwa karne ya 19. Wengi waijua kwa ajili ya dansi, lakini iko tango ya kusikilizwa tu, ipigwayo polepole. Kwetu pwani jambo hili si geni, maana vyombo vya taarabu ni ndugu wa vyombo vya tango. Huko kuna fidla na besi kubwa, na huku pia. Huko kuna bandoneoni, kinanda kidogo cha mvukuto, na huku kuna akodiani.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili nyimbo zake zitiwe katika sahani za santuri. Upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika 3 tu. Leo kinasa sauti hutiwa mfukoni, lakini tabia yake ni ileile: hupokea kila sauti, wala hakichagui.

Kwa hiyo, kwanza tuchague mahali na saa. Pale Tabata reli yapita, na pikipiki hazikomi mchana. Yafaa tukae kimya dakika 10 katika chumba tulichokichagua, tufumbe macho, tuhesabu kila kelele. Kuta tupu hurudisha mwangwi. Tuzitundikie mablanketi, na chini tutandike mikeka.

Pili, tupange viti. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti hupungua hata robo. Basi mwenye akodiani asiambiwe apige kwa woga. Asogezwe nyuma, na fidla iwe karibu na mikrofoni. Wote wakae kwa umbo la mwezi mchanga, waonane mikono, kwa kuwa tango ya asili aghalabu haina ngoma ya kushika mwendo.

Tatu, tujaribu mashine kwa kipande chenye kishindo kuliko vyote, na tuache nafasi juu yake. Sauti iliyozidi uwezo wa mashine hukwaruza, wala haitengenezeki. Iliyo ndogo yaweza kukuzwa baadaye, ingawa ikiwa ndogo mno mvumo wa mashine hukua pamoja nayo.

Nne, wasikilizaji wazime simu, wala wasipige makofi mpaka sauti ya mwisho imekufa kabisa. Kimya kile ni sehemu ya muziki, na makofi ya haraka hayawezi kufutwa bila kuukata wimbo.

Kazi ikiisha, tuandike jina la wimbo, wapigaji, mahali na tarehe, kisha tuweke nakala mbili, kila moja mahali pake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu wengi walipiga vizuri wakaondoka na nyimbo zao. Wanaopiga leo wasipotee hivyo, hali chombo cha kuwahifadhi tunacho mkononi.