Kusambaza Video Hakumwokoi Mtoto

Swali limerudi tena, na safari hii mwulizaji bila shaka ana nia njema. Ametumiwa video kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Inaonyesha mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, na chini yake kuna maneno "sambaza mpaka mnyama huyu apatikane". Anauliza aitume kwenye magrupu gani mengine ili ifike mbali upesi. Jibu langu: usiitume popote. Nimelijibu swali hili kwa faragha mara nyingi mno na halipungui, basi leo nalijibu hadharani na kwa kirefu.

Nyuma ya swali hilo kuna imani tatu zilizofungwa pamoja: kwamba macho mengi humpata mhalifu, kwamba polisi hawana habari mpaka wananchi wapige kelele, na kwamba mhalifu akiwa ng'ambo hakuna wa kumgusa, kwa hiyo umma lazima uifanye kazi hiyo wenyewe. Zote tatu hazina msingi, na ya kwanza ndiyo inayoumiza watoto zaidi.

Tuanze na faili lenyewe. Mpelelezi anayepokea video ya namna hii hatafuti sura peke yake. Anataka kujua ilirekodiwa na kifaa gani, lini, ikapandishwa kupitia akaunti ipi. Faili lililotoka moja kwa moja kwenye kamera mara nyingi hubeba habari hizo ndani yake: tarehe, aina ya simu, wakati mwingine hata mahali. Likitumwa WhatsApp kama video ya kawaida, programu hulibana ili lipungue uzito, na habari nyingi za asili huondoka. Kufikia linapotua kwenye simu yako limeshapita kwa mamia ya watu, na kilichobaki ni kibandiko kinachosema limesambazwa mara nyingi. Hakisemi nani alikuwa wa kwanza kulisambaza. Kila anayelirusha tena anamfunika mtu yule yule anayetaka afichuliwe.

Kisha kuna suala la utambuzi wa picha, ambalo wasambazaji hawalijui kabisa. Tangu 2009 kampuni kubwa za mtandao zimekuwa na teknolojia iitwayo PhotoDNA, iliyotengenezwa na Microsoft pamoja na Profesa Hany Farid. Kazi yake ni kuipa picha alama yake ya pekee, mfano wa alama ya kidole, ili ikipandishwa tena mahali pengine itambulike bila binadamu kulazimika kuitazama. Video nazo zina mbinu za aina hiyo. Mabadiliko madogo hayazisumbui sana. Lakini angalia wanachofanya watu wetu wenye hasira: wanabandika emoji juu ya uso wa mtoto, wanaandika "MSAKENI" kwa herufi nyekundu katikati ya kioo, wanakata kipande, wanairekodi video kwa simu nyingine ikiwa inachezwa. Nakala iliyochezewa hivyo inaweza kuonekana kwenye mifumo kama kitu kipya. Maana yake, mchambuzi mahali fulani lazima aitazame upya toka mwanzo, aamue ni mtoto gani, kumbe ni mtoto ambaye pengine alishaokolewa miaka iliyopita katika nchi nyingine. Muda huo umenyang'anywa mtoto ambaye bado yumo mikononi mwa mtesaji wake.

Na mhalifu naye ana simu. Yumo kwenye magrupu kama wewe. Siku video inapoanza kuzunguka ndiyo siku anapojua kwamba ameonekana, kabla polisi hawajapata hati ya upekuzi. Atavunja simu, atafuta akaunti, atahama, au atamtisha mtoto asiseme. Wasomaji wengi humfikiria kama mgeni wa mbali mwenye kompyuta. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, na ambao ripoti zake za Kenya na Tanzania zilitoka 2021 na 2022, ulionyesha kwamba mara nyingi mtoto alikuwa anamfahamu aliyemdhuru hata pale ukatili ulipopitia mtandaoni. Anaweza kuwa mtu wa nyumba hiyo hiyo. Unapoirusha video kwenye grupu la mtaa, huenda unampa taarifa mlengwa mwenyewe.

Sijamzungumzia mtoto bado, naye ndiye sababu ya yote. Mtoto huyo atakua. Atakwenda shule ambako wenzake wanayo ile video. Ataomba kazi kwa mtu aliyeitazama. Anayeitazama kwa huruma na anayeitazama kwa uovu wote wamemtazama, naye hakumruhusu yeyote. Siwezi kuliandika hili kwa utulivu. Watu wazima wenye watoto wao wenyewe wanairusha picha ya mtoto wa mwenzao akiwa uchi na katika maumivu, kisha wanalala wakiamini wametenda wema.

Hapo msomaji huniletea hoja yake ya mwisho: "Mbona fulani alikamatwa baada ya video kusambaa?" Alikamatwa kwa sababu mtu mmoja aliyemfahamu alimtaja kwa polisi. Taarifa ya mtu huyo mmoja ndiyo iliyofanya kazi, na ingeweza kutolewa bila zile nakala nyingine zote ambazo hadi leo zinazunguka.

Tena, wataalamu wanapohitaji msaada wa umma huuomba, ila kwa namna nyingine kabisa. Oktoba 2007, INTERPOL ilitangaza kwa dunia nzima sura ya mwanamume aliyekuwa ameivuruga sura yake kwenye picha alizoweka mtandaoni, picha zake na watoto huko Vietnam na Kambodia. Wataalamu wa polisi ya Ujerumani waliirudisha sura hiyo. Kilichotangazwa kilikuwa sura ya mtu mzima peke yake. Hakuna mtoto aliyeonyeshwa. Siku chache tu baadaye alikamatwa Thailand, naye alikuwa mwalimu raia wa Kanada. Mwaka 2017 Europol ilianzisha kampeni ya kutambua vitu: wanachukua picha, wanamwondoa mtoto kabisa, wanabakiza mfuko wa dukani, pazia la hoteli, chupa ya shampuu au nembo ya fulana, kisha wanauliza umma kitu hicho kinatoka nchi gani. Kinachowafaa wapelelezi ni mahali, kwa kuwa nchi ikijulikana polisi wa huko wanaweza kuanza kazi. Uso wa mtoto hauhitajiki kwako wala kwangu.

Sasa imani ya pili na ya tatu, kwamba hakuna anayejua na hakuna anayevuka mpaka. Sheria ya Marekani inazilazimisha kampuni za mtandao za huko zikigundua picha za aina hii kuzifikisha kwenye kituo kiitwacho NCMEC, chenye dawati la kupokea taarifa tangu 1998. Mwaka 2023 kilipokea taarifa zaidi ya milioni 36, na sehemu kubwa kabisa zilihusu watu walio nje ya Marekani. Kituo hutazama nchi inayohusika na kupeleka taarifa kwa polisi wake. Kenya ina kitengo maalumu ndani ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kinachoshughulikia ulinzi wa watoto. INTERPOL nayo, tangu 2009, ina hifadhi ya kimataifa ya picha na video ambamo wapelelezi wa nchi mbalimbali hulinganisha walichokamata, ili mtoto aliyeonekana kwenye kompyuta ya mtu Ulaya aweze kutambuliwa kwa ukuta wa darasa la Afrika, na ili polisi wa nchi mbili wasihangaikie mtoto ambaye wa tatu ameshamwokoa.

Ukitaka kuona mnyororo huo ukifanya kazi, tazama Denmark. Januari 2018 polisi wa huko waliwafungulia mashtaka vijana zaidi ya 1,000 kwa kusambaziana kupitia Messenger video za kingono za vijana wenye umri wa miaka 15. Facebook iliipa taarifa Marekani, Marekani ikaipa Europol, Europol ikaipa Denmark. Walioshtakiwa hawakuwa waliorekodi. Walikuwa wale waliozirusha.

Sikudanganyi kwamba mnyororo huu ni wa haraka au hauna mianya. Kwenye mazungumzo yaliyosimbwa, kampuni yenyewe haioni kilichomo mpaka mtumiaji aripoti. Taarifa inayofika Nairobi au Dar es Salaam mara nyingi huwa na anwani ya IP na saa. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo bila saa kamili, hadi sekunde, na bila namba ya mlango wa mawasiliano, hupati mtu, unapata umati. Kumbukumbu za kampuni za nje huandikwa kwa saa ya dunia, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Mwananchi anasema "saa tatu usiku", karani anaandika 03:00 badala ya 21:00, ambayo kwa saa ya dunia ni 18:00. Kosa la namna hiyo linaweza kuwapeleka polisi kwenye nyumba ya mtu asiyehusika. Ndiyo sababu nawasumbua watu kuhusu saa, na sitaacha.

Kumbukumbu nazo hazikai milele. Sheria ya Marekani ya Mei 2024 iliongeza muda ambao kampuni lazima zihifadhi vielelezo baada ya kutoa taarifa, kutoka siku 90 hadi mwaka mmoja. Ombi rasmi la yaliyomo kwenye akaunti, likipitia sheria za kusaidiana katika makosa ya jinai (Tanzania ina yake ya 1991, Kenya ya 2011), linaweza kuchukua miezi. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, kampuni zinaweza kutoa taarifa kwa polisi kwa dharura bila kungoja mlolongo huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya makosa ya mtandao, uliopitishwa Desemba 24, 2024, unataka kila nchi mwanachama iwe na dawati la mawasiliano saa 24, lakini utaanza kufanya kazi baada ya nchi 40 kuuridhia. Vyote hivi vinategemea taarifa ya mapema. Wiki mbili za kusambaziana ni wiki mbili zilizotolewa kwenye muda wa ushahidi.

Na sheria za nyumbani haziulizi kama ulikuwa na hasira. Kenya, kifungu cha 24 cha sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kinafikia faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 25, au vyote. Tanzania, kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayechapisha na anayewawezesha wengine kuipata, na kifungo chake hakipungui miaka saba.

Basi ufanye nini. Usiipakue wala usipige skrinshoti ya mtoto. Andika kwenye karatasi namba ya aliyetuma, jina la grupu, tarehe na saa, na kama ni ya asubuhi au ya usiku. Bonyeza ujumbe wenyewe kwa muda, chagua kuripoti. Unapomripoti mtumiaji au grupu, WhatsApp hupokea hadi jumbe tano za mwisho pamoja na utambulisho wa mtumaji, na hapo ndipo taarifa inapopata njia ya kuingia kwenye mnyororo. Usikubali kufuta mazungumzo kabla ya kuandika namba. Piga 116, simu ya watoto, bure, Tanzania, Kenya na Uganda, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, au kwa DCI ukiwa Kenya. Kama ni tovuti na si grupu, shirika la IWF la Uingereza linapokea viungo kutoka Uganda na Tanzania bila kukuuliza jina. Ukimtambua mtu, mahali au sare ya shule, mwambie polisi peke yake. Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja kwenye simu yako, kwa sababu kinachoingia kwenye picha zako kinaweza kupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni na kuifanya akaunti yako ndiyo iripotiwe.

Mtoto wako akitishiwa kwamba picha zake zitasambazwa, usilipe. Mtishaji akilipwa huongeza bei. Usimfokee mtoto. Hifadhi mazungumzo kama yalivyo, upeleke simu polisi. NCMEC ina huduma ya bure iitwayo Take It Down: alama ya picha hutengenezwa kwenye simu ya mtoto mwenyewe, picha haiondoki pale, kisha alama hupelekwa kwa kampuni zilizojiunga ili ziizuie picha hiyo kwenye mitandao yao. Inatumika popote duniani.

Kama wewe ni admini wa grupu, ripoti kwanza, halafu futa kwa wote. Mamlaka hayo unayo hata kwa ujumbe wa mwingine. Na kama tayari uliirusha, WhatsApp inakupa siku mbili na saa 12 kuifuta kwa wote. Andika ulikoipata, ifute kila ulikoituma, kisha piga 116 leo hii.