CHIKANDA: TUIJUE KABLA HAIJAKWISHA



Mvua zinapokolea, mbuga na vilima vya Ufipa hujaa maua. Sisi wa huku Mwazye huyapita kila siku tukienda shamba. Baadhi ya maua hayo yana viazi chini ya ardhi. Viazi hivyo ndivyo chikanda. Leo tujifunze mimea hii ni ya namna gani, na kwa nini inapungua.

Chikanda huliwa wapi?

Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, viazi hivi hukaushwa na kutwangwa. Unga wake huchanganywa na karanga, pilipili na magadi, ukapikwa mpaka ukashikana kama mkate. Walaji ni wengi, hata mijini, na mbuga za huko hazikutosha. Basi wanunuzi wakageukia kwetu. Mwaka 2003 wataalamu walikadiria kuwa viazi zaidi ya milioni 2 vilitoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwenda Zambia kwa mwaka.

Familia na koo za mimea

Wataalamu hupanga mimea kama tunavyojipanga sisi watu. Kuna familia kubwa, na ndani yake kuna koo. Familia ya chikanda ni okidi. Ukoo huitwa jenasi, na kila aina ndani ya ukoo huitwa spishi. Chikanda si mmea mmoja. Hutoka hasa katika koo tatu: Satyrium, Disa na Habenaria.

Utazitambuaje? Litazame ua bila kung'oa mmea. Satyrium ina kofia juu, na nyuma yake vinaning'inia vimkia viwili. Disa nayo ina kofia, lakini kimkia ni kimoja. Habenaria ni ya kijani au nyeupe, mdomo wake uko chini, una kimkia kimoja, na mara nyingi umepasuka vipande vitatu.

Jina la ukoo wa Satyrium lilitolewa mwaka 1800 na Olof Swartz wa Uswidi. Ukoo huu una spishi kama 90, nyingi zikiwa za Afrika. Satyrium neglectum ina maua ya waridi. Satyrium buchananii ni nyeupe, yenye vimkia virefu. Satyrium trinerve ni ndogo, nyeupe, na hupenda mahali penye majimaji.

Kwa nini inakwisha?

Fukua kiazi mviringo: shina moja huzaa viazi vingi. Chikanda sivyo. Shina lina viazi viwili tu. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa kwa kulisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kimenona. Hicho ni cha mwaka ujao. Mchimbaji huchukua kipya. Hata akirudisha kile kikuukuu udongoni, mara nyingi hakioti, maana chakula chake kimekwisha.

Je, mbegu? Zipo maelfu katika tunda moja, lakini ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Haziwezi kuota mpaka zipate kuvu maalumu udongoni wa kuzilisha. Kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kutoa ua.

Tufanye nini?

Wachimbaji si wezi. Wanatafuta chumvi, sabuni na sare za watoto. Lakini anayechimba mbuga yote anakula mbegu yake mwenyewe. Tuache mimea michanga. Tungoje matunda yapasuke yamwage mbegu. Na kila mbuga tuache sehemu isiyoguswa kabisa.

Sheria nayo ipo. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Kitulo, yenye okidi nyingi, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na humo kuchimba ni marufuku.

Maswali ya kuzungumza

1. Kiazi kipi hulisha mmea mwaka ujao?
2. Waulize wazee: mbuga gani zilikuwa na chikanda zamani na sasa hazina?
3. Kijiji chetu kitenge mbuga ipi ipumzike?