Kazi ya Msomaji wa Kanisa

Siku ya Jumapili, katika vijiji vingi vya Handeni na Korogwe, watu hukusanyika kusali wala kasisi hayupo. Kasisi mmoja huwa na makanisa mengi ya kutunza, na njia ni ndefu. Kutoka Korogwe mpaka Handeni tu ni kama kilometa 65, na makanisa madogo yako mbali na njia kuu. Basi ni nani asimamaye mbele ya watu siku hiyo? Ni mtu wa kijiji kile kile, mara nyingi mkulima kama jirani zake, aliyefundishwa na kupewa ruhusa na askofu. Zamani, katika Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, iliyojenga makanisa ya Korogwe, Kideleko na Kwamkono, aliitwa msomaji, na pengine ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule pia. Siku hizi wengi humwita katekista.

Kazi hii ina asili ya kale. Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika Unguja, na Sultani Majid akampa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa Yohana Swedi. Alifundishwa kusoma, akabatizwa, akawa msaidizi katika kazi ya kanisa. Hata mwaka 1879 Askofu Steere akamweka kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hiyo. Hesabu mwenyewe: tangu alipotolewa katika mikono ya wenye watumwa mpaka siku ile ni miaka 15. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, ambaye naye alikuwa ametolewa utumwani, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Vijana wa bara walivushwa bahari kwenda kusoma katika chuo cha Kiungani huko Unguja, mpaka chuo hicho kilipohamishiwa Minaki mwaka 1925.

Hapana mtu ajiwekaye mwenyewe kuwa msomaji. Kijana aweza kuwa na sauti nzuri na kumbukumbu kali, na bado asifae. Wazee wa kanisa humtazama kwanza nyumbani kwake: yu hali gani na mkewe, je, hulipa madeni yake, pombe ina nguvu gani juu yake, na akigombana na jirani huchukua siku ngapi kupatana naye. Jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwa maana kijijini mtu humjua mwenziwe mpaka ndani. Mwenye kusimama mbele na kuwaambia watu waungame dhambi zao, naye hasemi na ndugu yake kwa sababu ya mpaka wa shamba, hata akisoma vizuri namna gani watu watatazama chini. Akionekana kuwa afaa, kasisi humfundisha Maandiko, utaratibu wa sala, na majira ya mwaka wa kanisa, kama Majilio na Kwaresima. Kisha jina lake hupelekwa kwa askofu, naye ndiye atoaye ruhusa. Na aliyeitoa aweza kuiondoa.

Ruhusa hiyo ina mpaka wake. Msomaji huongoza sala za asubuhi na za jioni, husoma masomo, hufundisha wanaotaka kubatizwa, na akiruhusiwa huhubiri na kuzika wafu. Hawezi kuubariki mkate na divai, wala kutangaza ondoleo la dhambi. Mpaka huo waweza kusikika katika silabi moja. Kasisi awaambia watu, Mungu "awabariki". Msomaji asema, Mungu "atubariki". Kwa ile "tu" ajihesabu kuwa mmoja wao, aombaye pamoja nao. Mgeni hataitambua tofauti hiyo, ila wazee waliokaa mbele huisikia mara moja, na msomaji akijisahau hawaachi kumkumbusha nje ya mlango.

Kusoma mbele ya watu kuna kazi yake. Wengine hudhani kwamba ajuaye kusoma barua aweza kusoma somo. La, sivyo. Katika kusanyiko wamo wasiojua kusoma, wamo waliosahau miwani, wamo wenye watoto mapajani. Wote hao hawana kitabu ila kinywa cha msomaji. Twaa maneno haya: "Alisema Petro amekwenda." Ukipumzika baada ya "alisema", maana yake ni kwamba mtu fulani alisema kuwa Petro amekwenda. Ukipumzika baada ya "Petro", basi Petro ndiye aliyesema, na aliyekwenda ni mtu mwingine. Kwa pumzi moja habari imegeuka. Kwa hiyo msomaji mwema huliangalia somo lake Jumamosi jioni, hulisoma kwa sauti nyumbani, na majina magumu ya manabii na ya miji huyatafuta mapema. Asiyefanya hivyo hufika penye jina gumu akalimeza, na watoto wakacheka.

Tena kuna nyimbo. Makanisa mengi madogo hayana kinanda, basi msomaji mwenyewe, au mwimbaji aliyechaguliwa, huanzisha. Akianza juu mno, ikifika mstari wa tatu wanaume wamenyamaza, na wanaoendelea ni watoto peke yao. Akianza chini mno, wimbo huwa kama mlio wa nyuki. Yafaa auimbe kimoyomoyo mpaka ule mstari ulio juu kuliko yote, ndipo aanze. Tena tuni nyingi zilitoka Ulaya, nazo hazikutungwa kwa lugha yetu. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili toka mwisho. Tuni ya kigeni huweza kuuvuta mkazo mpaka mwisho, hata neno "Bwana" likasikika kama lina uzito katika "na". Wimbo wa kuitikiana, kama nyimbo za kupalilia shamba, hauna taabu hiyo sana, wala hautaki vitabu: mmoja hutoa neno, na wote hujibu.

Tena watu hufundishwa sala mpaka wakazishika kwa moyo, na vita ya 1914 ilionyesha faida yake. Nchi ilikuwa chini ya Wadachi, na misheni ilikuwa ya Waingereza. Wamisionari walitiwa kizuizini, na watumishi wengi Waafrika wakashikwa pia, kwa kuwa walidhaniwa kuwa rafiki za adui. Samwil Sehoza, aliyekuwa mmoja wao, aliandika habari za kufungwa kwao katika kitabu chake Mwaka katika Minyororo, kilichopigwa chapa mwaka 1921. Kijiji kilichonyang'anywa mwalimu wake kilibaki na zile sala tu ambazo watu walikuwa nazo vichwani.

Saa iliyo ngumu kuliko zote kwa msomaji si ya Jumapili. Ni usiku wa masika, mtu anapokuja kubisha hodi akisema kwamba mzee fulani yu karibu kufa, naye ataka Sakramenti. Kasisi yuko mbali na mto umejaa. Msomaji hawezi kutoa asichopewa. Atatuma mtu kwa kasisi, kisha ataichukua taa na kitabu chake na kwenda kukaa kando ya kitanda, asome Zaburi polepole, na watu wa nyumba waitikie. Ikiwa ni mtoto mchanga asiyebatizwa, na kufa kwa karibu, hapo aweza kumbatiza kwa maji, kwa maana katika hatari Mkristo yeyote aweza kufanya hivyo. Na mauti yakitokea, ndiye atakayesimama kaburini kesho yake. Handeni majirani wengi ni Waislamu, nao huja mazikoni, husaidia kuchimba, na husimama kimya wakingoja. Basi hupaswa kuujua utaratibu wake bila kupapasa kurasa.

Jumapili ikiisha, huhesabu sadaka mbele ya wazee wawili, huandika jumla katika daftari pamoja na idadi ya watu waliosali, na kuzitaja nyumba zenye wagonjwa. Kisha huenda kuwatazama wagonjwa hao, kabla ya kula.